Pigo la Tatu

Twalibu alimpiga Sabra usoni kwa kafi la mtumbwi, na Tabu akasikia taya ikivunjika.

Tabu, mke mkubwa wa Twalibu, alikuwa chini ya dungu la kulindia shamba akitwanga mpunga. Ngedere walikuwa wameingia shambani Sabra, mke mdogo, akiwa amesinzia huko juu; mimba yake ilishakuwa kubwa, na joto la mchana la Maparoni likamzidi nguvu. Kosa lenyewe ndilo hilo.

“Mwache, bwana weye! Ana mimba huyo!”

“Nikimmaliza yeye, zamu yako.”

Tabu aliijua zamu hiyo. Kiwiko chake cha kushoto hakikunyooka tena tangu mwaka aliofungwa kwenye nguzo ya nyumba. Siku zote alikuwa akijikunja, akificha kichwa, akingoja mume achoke. Lakini Twalibu alitupa kafi, akamkalia Sabra kifuani, akaanza kumkaba. Miguu ya Sabra ilichimba tope, kisha ikaanza kulegea.

Mchi ulikuwa mkononi mwa Tabu. Pigo la kwanza lilimpata mume mgongoni, akaachia koo. Akapiga magoti ainuke, macho yamemgeukia Tabu, na pigo la pili likamshukia kisogoni. Akaanguka kifudifudi kwenye mpunga uliomwagika. Hakuinuka. Tabu alimtazama, akahema, akaunyanyua mchi tena akaushusha kwa nguvu zake zote.

Nassibu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyefika wa kwanza. Alimburuta Tabu kwa nywele hadi ukingoni mwa mto, akamkandamiza kichwa majini, akamtoa, akamkandamiza tena. Wengine walimkanyaga mbavu. Mwenyekiti wa kitongoji alipiga kelele kwamba mtu huyu ni wa serikali sasa, wakamfunga kwa kamba ya nanga na kumtupa ndani ya boti kama mzigo.

Kituoni, mpelelezi hakuuliza juu ya kiwiko, wala koo la Sabra lililovimba alama za vidole.

“Hawara wako nani?”

“Sina, afande.”

Rungu likatua kwenye nyayo. “Mwanamke haui mume hivi hivi. Nani kakutuma?”

Alirudia swali mpaka nyayo zikapasuka. Mwishowe Tabu alikubali alichoambiwa: kwamba alimvizia mumewe amelala. Kuhusu hawara alikataa, maana hakuwa na jina la kutaja.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Alikaa mahabusu mvua zikija na kwenda, mpunga ukivunwa bila yeye. Habari zilimfikia kwamba Sabra amejifungua salama mtoto wa kike, na kwamba Nassibu amemchukua nyumbani kwake, hamruhusu kutoka peke yake.

Jaji alipokuja kusikiliza kesi Kibiti, Sabra aliletwa kama shahidi wa serikali. Taya yake ilikuwa imeunga upande. Nassibu alikaa mbele kabisa, mikono kifuani.

“Marehemu alikuwa anafanya nini aliposhambuliwa?” wakili wa serikali aliuliza.

Sabra alifungua kinywa. Nassibu akakohoa.

“Alikuwa ananikaba.”

Ukumbi ukavuma. Wakili akamsogelea. “Polisi uliwaambia alikuwa amelala.”

“Sikuwaambia. Taya ilikuwa imevunjika, nisingeweza kusema neno. Shemeji alisema yeye, mimi nikashikwa kichwa kikatikiswa nionekane nakubali.”

Zamu ya Tabu ilipofika, mtetezi wake alishamwonya aseme hakumbuki. Wakili wa serikali alimwuliza pigo la tatu lilikuwa la nini, ikiwa mtu ameshalala chini.

“La kwanza amwachie mwenzangu,” Tabu alisema. “La pili asinifikie mimi.” Akatazama kiwiko chake. “La tatu nilimpiga kwa yote aliyonifanyia.”

Mtetezi wake akafumba macho. Jaji alisema huku si kuua kwa kukusudia, kwa kuwa hasira ilikuwa na chanzo. Lakini kwa pigo hilo la tatu, mshitakiwa ataingia jela miaka saba.

Walikuwa wameshampandisha kwenye gari la magereza aliposikia ukelele. Nje ya uzio, Nassibu amemkamata Sabra kwa kanga shingoni, anampiga makofi na mtoto yumo mgongoni. Askari wawili walikuwa wakitazama.

“Mambo ya familia hayo,” mmoja alisema.

Tabu alipigiza pingu kwenye wavu wa gari mpaka vifundo vya mikono vikachuruzika damu. “Atamuua! Jamani, mnamwona atamuua!”

Askari magereza wa kike, aliyekuwa amemsukuma Tabu kwa goti asubuhi ile, alimtazama, akateremka. Hakukimbia. Alipofika, rungu lake lilimpata Nassibu mkononi, kanga ikaachiwa. La pili likampata kwenye goti, akakaa chini.

“Inuka umguse tena,” alisema, “nikupakie pamoja na yule.”

Akamsimamishia Sabra bodaboda mwenyewe. Tabu hakuona zaidi, umati ulikuwa umeziba njia. Alingoja, damu ikidondokea gauni, mpaka askari yule aliporudi akihema.

“Acha kelele. Kaondoka.”

“Kaenda wapi?”

“Kwao, Mtunda. Kasema mama yake yupo.”

“Na mtoto?”

“Kambeba,” askari akasema, akafunga mlango.