Nguzo ya Katikati ya Mto

Mtu kama Kiroboto humpi kiti chenye magurudumu. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa amekwenda nacho dirishani, akarudi mezani, akaenda nacho mlangoni, akarudi, mpaka mwenzake wa ofisini, kijana mtaratibu waliyemwita Miwani, akaweka kalamu chini.

"Dada, utatoboa sakafu."

"Acha itoboke."

Jina la Kiroboto alipewa na kaka yake tangu utotoni, kwa kuwa hata chakula alikula amesimama. Sasa alikuwa mhandisi wa maji, mtu mzima na ofisi yake, lakini kaka mtu jina hakulibadili. Na leo roho ya Kiroboto ilikuwa juu kwa ajili ya kaka huyo huyo.

Mambo yalikuwa hivi. Kaka yake alikuwa msimamizi wa mafundi waliokuwa wakijenga daraja jipya karibu na zahanati. Nguzo moja ilipaswa kusimama katikati ya mto. Nondo zilishafungwa, mbao zilishapigwa, gari la zege lilishaagizwa. Juzi Kiroboto akaiona picha kwenye kompyuta yake: maji ya mvua kubwa yanaigonga nguzo ile, yanapinda, yanapanda ukuta wa zahanati na kumwagikia ndani, kwenye wodi ya wazazi. Akampigia simu kaka yake.

"Kaka, usimwage zege. Nipe siku mbili nitafute pa kuihamishia nguzo."

Kaka mtu hakuuliza swali la pili. Alisimamisha kazi, akalirudisha gari la zege. Mafundi thelathini wakakaa kitako wakicheza karata, na wakubwa wake wakampigia simu kutwa nzima kumuuliza tangu lini dada yake ndiye anayejenga daraja.

Leo saa nane mchana gari la zege lingefika tena, na safari hii halingerudishwa. Kabla ya hapo Kiroboto alitakiwa aseme nguzo ikae wapi.

Picha zile hazitoki hivi hivi. Kwanza yapo maandishi, kurasa kwa kurasa, yanayoieleza kompyuta jinsi maji yanavyosukumana. Kompyuta haiyaelewi mpaka yageuzwe kuwa programu, na kugeuza huko wenyewe wanakuita kukompaili. Kisha programu inaendeshwa, inahesabu kama dakika arobaini, na mwisho inatema namba tele, ndizo zinazochorwa zikawa picha: buluu maji yalipo chini, nyekundu yalipopanda. Ukibadili hata neno moja kwenye maandishi, unakompaili upya.

Asubuhi ile aliisogeza nguzo hatua tatu kwenye maandishi, akakompaili, akaendesha, akachora. Nyekundu pale pale ukutani. Akaisogeza hatua sita. Nyekundu pale pale.

"Miwani, hebu njoo. Picha hizi mbili zina tofauti gani?"

Miwani akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Sioni."

"Soma namba."

"Mita mbili nukta nne moja saba. Na hii... mbili nukta nne moja saba." Akashuka nazo mstari kwa mstari. "Mpaka tarakimu ya mwisho, dada."

"Nguzo imehama hatua sita, na maji hayana habari?"

Kiroboto alisimama. Akakaa. Akafungua folda, akaitazama tarehe ya programu iliyokuwa ikiendeshwa. Programu ile ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki iliyopita alikuwa amepanga upya folda zake, akajisifu kwa usafi, na programu zote mpya zikawa zinaingia kwenye folda mpya. Amri ya kuendesha hakuibadili. Kila siku alikompaili kitu kipya na kuendesha kile cha zamani, cha majaribio, chenye nguzo nene mara mbili ya ile ya kwenye ramani.

Miwani akauliza polepole, "Na picha ya juzi?"

Picha ya juzi nayo ilitoka humo humo.

"Sikiliza," Miwani alisema, akiangalia mlango. "Hakuna anayejua. Endesha hii mpya, mpe jibu litakalotoka, yaishe."

Kiroboto akabadili amri, akakompaili mbele ya macho ya Miwani, akahakikisha tarehe ni ya leo, saa ni ya sasa hivi, akaendesha. Asilimia moja. Asilimia mbili. Akaenda kunywa maji, akarudi na glasi tupu asijue kama ameyanywa au ameyamwaga. Akafunga dirisha, akalifungua. Kwenye asilimia sitini alisikia viatu vizito koridoni, na kaka yake akaingia na matope yake mpaka magotini.

"Kiroboto! Nimeona nije mwenyewe, maana simu yangu imechoka kutukanwa. Haya, nguzo inakwenda wapi? Nina watu wamecheza karata mpaka wamejuana siri."

"Haijamaliza kuhesabu."

"Hii ndiyo inahesabu? Mbona kimya? Mimi nikihesabu mifuko ya saruji mtaa mzima unasikia."

Miwani akacheka. Kiroboto hakuweza. Alimtazama kaka yake akivuta kile kiti cha magurudumu, akikikalia, akiteleza nacho nyuma na kushtuka. Angeweza kungoja. Dakika kumi na tano tu na jibu lingekuja lenyewe.

"Kaka, juzi nilikosea."

"Kivipi?"

"Niliendesha programu ya zamani. Nguzo niliyoiona inapeleka maji zahanati si nguzo yako. Yako sikuwahi kuipima. Nilikusimamisha bure, au si bure, bado sijui."

Kaka mtu akavua kofia, akakuna kichwa.

"Nimebishana na wakubwa wangu kwa kifua," alisema. "Nikawaambia dada yangu hakosei."

"Najua."

"Hujui, wewe. Hukuwepo."

Wakabaki wakiitazama asilimia ikipanda, wote watatu. Ilipofika mia, Kiroboto alichora picha. Mto wote ulikuwa buluu. Wekundu kidogo ulikuwa mbele ya nguzo tu. Ukutani kwa zahanati maji yalisimama shibiri tatu chini ya ukingo wa ukuta.

"Nguzo yako iko sawa," alisema. "Ikae pale pale."

"Na hii nayo nitaiaminije?"

Swali la haki. Kiroboto alifikiri, kisha akaivuta kibodi. "Sema nguzo iwe nene kiasi gani."

"Kama nyumba!"

Kiroboto akaandika, akakompaili, akapunguza ukubwa wa hesabu ili itoke kwa dakika tano. Wakangoja. Picha ilipofunguka, zahanati yote ilikuwa nyekundu, ukuta hauonekani.

"Ehee!" kaka mtu aliruka. "Sasa inasikia ukiiambia kitu."

Akatazama saa. Saa saba kasoro. Akapiga simu: gari lije, mtu wa pampu ya zege asiende kula. Alipomaliza akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Vaa viatu vya maana. Mimi siwaambii wale watu. Utawaambia mwenyewe, ulivyoniambia hapa, neno kwa neno."

"Watanicheka."

"Watakucheka mpaka jioni. Twende."

Saa nane Kiroboto alisimama juu ya rundo la kokoto, mafundi thelathini wamemkodolea macho, karata bado mikononi. Alisema kosa lake lote. Fundi mmoja mzee akadakia, "Mwanangu, kwa hiyo tulipumzishwa na nguzo ya watu wengine?" Kicheko kikavuka mto. Gari la zege likaanza kurudi nyuma, kaka yake akilielekeza kwa mkono, na Kiroboto, aliyeshindwa kusimama tu, akashuka kuwashikia bomba la zege.