Sahani ya Doto

Asnath wa jirani anaapa kwamba alimsikia marehemu Kulwa akicheka. Anasema jua lilikuwa limeshatoka, naye akipita nyuma ya nyumba ya Mama Consolatha, mama wa marehemu, akitafuta kuku wake, mara akasikia kicheko kile kile, cha kupasuka kama bisi. Akatimua mbio. Tangu siku hiyo kijiji kizima cha Lusu hakina habari nyingine.

"Na kuku ulimpata?" Doto alimwuliza, Asnath alipokuja mwenyewe kumsimulia.

"We Doto! Siku hizi umeota mdomo?"

Doto hakuwa na mdomo tangu azaliwe. Huku pacha anayetangulia huitwa Kulwa, anayefuata Doto, na kila kitu hufuata hivyo hivyo: uji Kulwa kwanza, nguo Kulwa kwanza. Mtu akingoja tangu titi la mama, watu husema kazaliwa mpole. Kulwa akawa wa maneno. Alibeba michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, hadi barabara ya Tabora, njia ile waliyopita mapagazi wa zamani, akawauzia wasafiri huku akiwatania. Doto alibaki nyumbani kumenya viazi. Hakuolewa. Mvi zilimkuta pale pale, kisu mkononi.

Masika yaliyopita Kulwa alifariki. Mama yao, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka, aliambiwa, akalia. Kesho yake akauliza Kulwa yuko wapi. Akaambiwa tena, akalia upya, msiba mbichi kabisa, na chakula akakataa. Ikawa hivyo, siku baada ya siku, mpaka mbavu zikaanza kuhesabika. Asubuhi moja akamshika Doto mkono.

"Kulwa, umerudi?"

Doto alikuwa amechoka. "Nimerudi, mayu."

Mama akala.

Kicheko cha Kulwa alianza kukitafuta, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake. Sasa kinatoka chenyewe, hata akiwa kisimani peke yake, naye hajui tena ni cha nani.

Leo wamekaa uani, kiangazi, upepo mkavu. Viazi vimeshanyauka vya kutosha. Doto anakata, mama anapanga vipande juu ya mkeka. Doto anakata vinene makusudi, kwa haraka, kama alivyokata Kulwa; vyake yeye huwa vyembamba. Anajua vitaota ukungu ndani kabla ya mvua.

"Ee Kulwa, unene gani huu? Unakatia ng'ombe?"

"Meno unayo, mayu, tafuna!"

Mama akacheka mpaka akakohoa. Doto akaleta ugali na mlenda.

"Tangulia kula wewe," mama akasema. "Sahani ya Doto ifunike."

Akaifunika, kama kila siku. Jioni ataila imepoa, amesimama jikoni.

Mama alikula kidogo, kisha akabaki anaitazama ile sahani iliyofunikwa.

"Mbona Doto haji kula?"

"Ana kazi, mayu."

"Siku zote ana kazi. Sikuwahi kumwuliza kama amechoka." Akafuta vidole kwenye khanga, kimoja kimoja. "Niitie. Kuna neno nataka kumwambia, yeye peke yake. Wewe utatupisha."

Kisu kikasimama ndani ya kiazi. Akisema ni mimi hapa, itabidi Kulwa awe wapi? Akilini alimwona mama akilia upya, akisukuma chakula. Akaliona na lile neno, limekaa mdomoni mwa mama, nalo linaweza kusahaulika kabla jua halijageuka.

"Umesikia?"

Mkono ukaendelea wenyewe. Kikatoka kipande chembamba, chembamba mno, kikaanguka mkekani. Mama akakiokota, akakiinua juu. Jua likapita katikati yake. Alikitazama kwa muda, akigeuza, akigeuza.

"Kulwa, mwanangu," akasema taratibu, macho bado juu. "Si nimekuomba uniitie mwenzio?"