Sindano Si Chakula

Daktari Muthoki Ndeti alifika kwa Musembi Alhamisi saa nane mchana, akakuta viti vya kanisa vimeshapangwa uani. Kaluki, mke wa Musembi, alikuwa amekufa asubuhi hiyo. Alikuwa mgonjwa namba arobaini na moja katika utafiti wa kisukari ambao Muthoki alikuwa akiuendesha kwa mwaka wa tatu sasa katika vijiji vya nyuma ya mji wa Wote.

Musembi hakulia. Alimkaribisha sebuleni, akampa daftari lililofunikwa kwa nailoni.

"Alisema hili lisipotee. Aliliringia kweli. Eti la mke wa pasta limejaa madoa ya mchuzi."

Muthoki alilifungua akiwa bado amesimama. Kila siku ilikuwa na kipimo cha sukari na alama ya sindano ya insulini. Jumatatu, sita nukta nane, sindano, tiki. Jumanne, nne nukta moja, sindano, tiki. Jumatano jioni, mbili nukta saba, sindano, tiki. Ile tiki ya mwisho ilikuwa imepinda ikatoka nje ya mstari.

"Mzee, wiki hii alikuwa anakula nini?"

"Kula? Tuko kwenye mfungo, Daktari. Kanisa zima. Tunaombea mvua. Maji tu, mpaka Jumapili jioni."

"Na sindano?"

"Nilimwambia aiache. Anatetemeka, jasho linamtoka. Akaniambia, wewe mzee, sindano si chakula, haivunji mfungo. Nikamletea chai ya sukari, akaisukuma. Hiyo ndiyo ingevunja." Akaonyesha ukuta. "Na kadi yako si hiyo?"

USIRUKE SINDANO HATA SIKU MOJA. Herufi kubwa, nyekundu. Muthoki aliyaandika mwenyewe maneno hayo. Utafiti wake wa kwanza, kule Kitui, ulikufa kwa sababu wagonjwa waliacha dawa kila walipojisikia nafuu, na namba zote zikawa takataka. Safari hii aliapa hakuna atakayeruka. Chini, kwa herufi ndogo, kadi ilisema sukari ikishuka chini ya nne, mgonjwa anywe kitu kitamu. Kuhusu mfungo, hakuna neno. Na yeye alikuwa amelelewa katika kanisa kama hilo hilo. Mama yake alifunga kila mvua ilipochelewa. Alijua. Hakufikiria tu.

Simu ikalia. Mwau, mwenzake wa maabara. Muthoki alitoka nje kuipokea.

"Fomu ina visanduku viwili," Mwau alisema baada ya kumsikiliza. "Kifo kinahusiana na utafiti, au hakihusiani. Mfungo ni wa kanisa, si wetu. Weka hakihusiani. Imebaki miezi minne, Muthoki. Ukiweka hicho kingine bodi ya maadili inausimamisha utafiti kesho, na hakuna atakayekupa utafiti mwingine maisha yako yote."

Hakuwa anatia chumvi. Miaka kumi na sita ya kazi ilikuwa ndani ya kisanduku kimoja. Muthoki alimwambia ataangalia, akarudi ndani kuaga.

"Daktari," Musembi alisema, "alikosea wapi? Mimi naona alifuata yote."

Wazee wa kanisa walikuwa wameshamwambia ni mapenzi ya Mungu. Ingekuwa rahisi kuwaunga mkono.

"Hakukosea, mzee. Aliyekosea ni aliyeandika hiyo kadi. Ni mimi."

Musembi aliitazama tena kadi ukutani.

"Mke wa pasta pia anayo," akasema.

Muthoki alihesabu. Katika kanisa hilo alikuwa na wagonjwa wengine saba, na leo ilikuwa siku ya nne. Alishika simu hapo hapo. Mke wa pasta alipokea kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa.

"Mama, kunywa chai ya sukari sasa hivi. Sindano usijidunge... Najua kadi inasema nini. Ichane. Mwambie pasta nimesema nilikosea."

Sita, pamoja naye, walipokea. Alipoinua kichwa, Musembi alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Yule wa saba hana simu. Yuko ng'ambo ya mto. Washa gari."

Musembi alibeba chupa ya chai kutoka mezani. Ilikuwa ile ya jana, ambayo Kaluki aliikataa.