Wafula wa Safu ya Nyuma

Mimi nauza nguo za watoto soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mtu akitaka kujua ni kwa nini nilifunga kibanda Ijumaa nzima, siku yenye wateja wazuri, nikaenda makaburini kumchukua marehemu asiye wangu, basi aketi nimweleze. Sikwenda kwa kupenda. Nilipelekwa na mdomo wangu.

Jirani yangu sokoni ni Nabututu, mama Mbukusu aliyepita miaka themanini, muuza njugu na simsim. Soko zima tunamwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha ya kwao. Akikupimia njugu anakuongezea kiganja, halafu anakukumbusha wiki nzima kwamba alikuongezea. Na kila Jumatatu, soko likiwa bado limechoka na Jumapili, hufunika magunia yake akaenda makaburi ya wanajeshi kumwona baba yake.

Baba huyo hawakuwahi kuonana. Wafula alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Hitler, akamwacha mkewe Nangila na mimba ya Nabututu. Alipelekwa Uhabeshi, kisha Burma. Aliporudishwa alikuwa mgonjwa, akafia hospitali ya hapa Kisumu kabla hajafika kwake. Tarishi wa chifu alikuja kumwambia Nangila kwamba mume wake amezikwa Kisumu, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Nangila alisimulia habari ile mpaka akafa, na kila mara aliishia hapo, kwamba mtu yule aliomba maji.

Nabututu alipofiwa na mume alikuja mjini, akatafuta mpaka akalipata jiwe. Liko safu ya nyuma. Safu za mbele wamelala Wazungu waliokufa kwa homa na kuhara katika vita vya kwanza, na kila mmoja ana majina matatu, cheo, na maneno matamu kutoka kwa mama yake. Nyuma huku mtu ana jina moja. WAFULA, namba, mwaka, basi. Na huyo ana bahati, maana wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vile vya kwanza walikufa kwa maelfu na wengi wao hawana hata jiwe. Ndugu ya babu yangu alitoka kwetu Nyeri na mzigo kichwani, na mpaka leo hatujui tulie tukielekea wapi. Nikilifikiria jambo hilo hukasirika, na nikikasirika nauza vibaya, kwa hiyo silifikirii sana.

Mwaka huu Waswa, kifungua mimba wa Kukhu, alisema imetosha. Babu arudi kwao Kimilili, alale kando ya Nangila. Ng'ombe akanunuliwa, shimo likachimbwa, watu wakaalikwa Jumamosi.

Kwao mtu aliyezikwa ugenini hurudishwa hivi. Mtoto wake wa kumzaa hufika kaburini, humwita, humwambia kwamba mkewe anamngoja, kisha huchota udongo kiganja kimoja na kuufunga kwa jani la mgomba. Kuanzia hapo haongei na mtu ila marehemu. Humwonyesha njia asipotee: hapa ni daraja, hapa tunakata kona. Furushi haliwekwi chini mpaka nyumbani. Sasa mtu asiyeongea atagombanaje na kondakta? Lazima awe na mwenzake wa kumsemea. Kukhu, na wajukuu wote alio nao, akanichagua mimi.

"Mama Wangechi," aliniambia, "wajukuu yangu wanaongea na simu. Wewe unaongea na watu."

Tulifika asubuhi, jua likiwa bado la upole. Mlinzi wa geti alimsalimu Kukhu kama mwenye nyumba. Tulipofika safu ya nyuma, kwenye jiwe la Wafula tulimkuta mzee amepiga magoti, amevaa koti la kanisani, na mkononi ameshika jani la mgomba.

"Mzee, umepotea kaburi," Kukhu akamwambia.

"Sijapotea, Mama. Hii ni ya baba yangu."

"Hiyo ni ya baba yangu mimi. Wafula."

"Ndiyo. Wafula," mzee akasema, na akaweka kiganja juu ya jiwe. "Mimi naitwa Enos Mukhwana. Nimetoka Chwele. Nimemtafuta tangu niko kijana."

Nimeishi na Wabukusu miaka mingi na sikuwahi kuliona jambo lililo wazi kama jua. Wafula ni jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na kwao mvua haifanyi uchoyo. Kule kambini mtu akiita "Wafula!" ingeitika nusu ya kikosi. Karani wa jeshi aliuliza jina, akaambiwa Wafula, akaandika Wafula, akasema anayefuata. Hakuuliza mtoto wa nani wala wa ukoo gani. Ningempata karani yule ningemvua viatu nimpige navyo.

Wakagombana. Sikudhani wazee wa umri ule wana pumzi kiasi kile. Kukhu alisema amepalilia kaburi lile tangu mlinzi wa geti akiwa hajaota ndevu. Enos alisema kupalilia shamba la mwenzako hakukufanyi wewe kuwa mwenyewe. Kukhu alimwambia achukue jani lake arudi Chwele. Mzee akasema haondoki, na kama ni kuzikwa hapo hapo, azikwe.

Nikaona niwasaidie. "Labda Mzee Wafula alikuwa na mabibi wawili," nikasema. "Mko ndugu na hamjui."

Walinitazama wote wawili kwa namna ambayo nilirudi nyuma hatua. Mmoja baba yake alikuwa wa ukoo wa Babuya, mwingine wa Batukwika. Watu wawili kabisa, kaburi moja.

"Basi kila mtu achote kidogo," nikasema. "Udongo si umejaa hapa?"

"Mtu hawezi itwa na nyumba mbili," Enos akasema. "Atasimama njia panda. Hataenda kwa huyu, hataenda kwa huyu."

"Na kama ni baba ya huyu mzee?" Kukhu akauliza, sasa akinigeukia mimi. "Nipelekee mama yangu bwana ya mwanamke mwingine, nimlaze na yeye? Mama yangu, mwenye alikataa kurithiwa hata na shemeji?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa mambo. Akikosea, Nangila atalazwa na mgeni milele, na huko Chwele mwanamke mwingine atangoja milele. Akiacha, na kumbe alikuwa wake, amemtupa baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Na jiwe lilikuwa limenyamaza na lile jina lake moja.

Tukakaa kwenye nyasi, maana magoti ya wazee yalikuwa yamechoka kuliko hasira zao. Nikatoa chai kwenye chupa, nikawapa kikombe kimoja wapokezane. Niliwauliza kila mmoja anajua nini juu ya baba yake.

"Mama alisema alikuwa mrefu," Kukhu akasema.

"Yangu pia alikuwa mrefu," Enos akasema.

Sijawahi kusikia mjane akisema marehemu alikuwa mfupi. Kukhu aliongeza kwamba wake alipenda uji wa wimbi. Enos aliongeza kwamba wake aliimba vizuri. Wakaishiwa. Watu wawili wenye mvi, na yote waliyoyajua juu ya baba zao hayakujaza kile kikombe.

Enos akatueleza kwamba mama yake, marehemu Nasipwondi, alimzaa yeye peke yake. Sasa daktari amemwambia yeye Enos aende nyumbani apumzike, na sisi sote tunajua maana ya maneno hayo. Anayeita ni mtoto wa kuzaa. Yeye akienda, hakuna wa kumwita tena.

Kukhu pia ni mtoto wa pekee, na themanini si thelathini. Lakini hakusema hayo.

"Haya, muite," alisema. "Niskie vile unamwita."

Nilidhani anamtega. Labda kweli alikuwa anamtega. Enos alipiga magoti, akashika jiwe kwa mikono miwili, akafungua mdomo.

"Wafula," akasema.

"Huyo ni rafiki yako?" Kukhu akamkemea. "Mtoto anaita baba yake jina? Sema Papa."

Mzee akajaribu. Neno likafika midomoni likakwama. Akajaribu tena. Nilitazama pembeni kwa sababu ya aibu, nikiona nimesimama mahali nisipotakiwa.

"Sijawahi itumia," akasema taratibu. "Hiyo neno. Nililelewa na mjomba, nikamuita mjomba. Watoto yangu wananiita mimi Papa, lakini mimi... mimi sijawahi kuambia mtu."

Mzee akainama tena, paji la uso likagusa jiwe, na safari hii likatoka. "Papa." Likatoka kama la mtoto aliyeamka gizani, si la mtu mwenye wajukuu. "Papa, Mama anakungoja. Twende nyumbani." Akalia mpaka jani lake likapasuka mkononi. Mimi nililia. Sijui nilimlilia nani, pengine yule wetu wa Nyeri.

Nilipofuta macho nilimwona Kukhu akifungua kikapu. Akatoa jani lake, lile alilolichagua mwenyewe na kulipitisha kwenye moto ili lisipasuke, akamtandikia Enos mbele ya magoti.

"Chota," akamwambia.

"Kukhu!" nikamaka. "Umejuaje ni wake?"

"Sijui."

"Sasa?"

"Mimi nimemuita Papa kila Jumatatu, Mama Wangechi. Hata kama hakuwa wangu, aliniskiza. Huyu amemuita leo tu." Akanisukuma begani. "Enda na yeye. Amekuja peke yake, hana mtu ya kumsemea."

Nikamuuliza vipi kuhusu ng'ombe, vipi kuhusu shimo. Akatoa simu yake ya vibonyezo, akampigia Waswa, akapaza sauti kama wazee wapigavyo simu.

"Waswa! Hiyo shimo msiache wazi, na msifukie tupu. Kateni mgomba muzike... Mgomba, nimesema. Papa haji." Akasikiliza. "Ng'ombe chinjeni. Watu watakuja na njaa zao."

Kisha akakata simu, na akakaa ameishika mapajani mwake kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia neno nikakosa, mimi mwenye mdomo.

Nikaenda na Enos. Kondakta alitaka furushi liwekwe chini ya kiti na mizigo mingine, nikamwuliza kama kwao huweka wazee chini ya kiti. Tukakubaliana. Mzee hakusema na mtu njia nzima, ila na kiganja kile cha udongo. Kabla ya Kakamega alikuwa bado ananong'ona kwa haya. Baada ya hapo sauti ilishafunguka. Webuye, kwenye daraja la mto, alilifungua dirisha kabisa. "Papa, ona, Nzoia. Imejaa." Abiria waligeuka, wakaona jani la mgomba, wakaelewa. Nilimwacha kwake Chwele akipokewa na watoto wake na nyimbo, na nikarudi Kisumu nikimwonea Kukhu uchungu hata sikuweza kula.

Jumatatu nilidhani atabaki sokoni. Akafunika magunia.

"Unaenda kuona nani?" nikamwuliza kwa ukali, maana nikiwa na huruma huwa mkali. "Si ameenda?"

Akashika njia, nikamfuata. Alipofika jiwe la Wafula alilipapasa juu kidogo akapita, kama unavyopita mlango wa jirani aliyehama. Akaenda mbele kwenye safu ile ile, akasimama kwenye jiwe linalofuata.

"Nisomee," akasema. Kukhu hajui kusoma, ila jina lile moja.

Nikamsomea. Alikuwa Mjaluo. Akatikisa kichwa. Nikasoma lingine, Mkamba, na lingine Mnandi. Kwa kila mmoja alisimama kwanza, akampa heshima yake, halafu akasema, "Huyo ako na wenyewe," tukasonga. Miguu yake ilikuwa inauma, naijua ikiuma, lakini hakuniruhusu nimshike.

Karibu na ukuta tulifika kwenye jiwe nililolisoma kimya, nikalisoma tena.

"Imesema nini?"

"Imesema ni askari. Anajulikana na Mungu. Jina hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Kukhu."

Akajishusha polepole kwenye nyasi, akatandaza leso yake, akaanza kung'oa magugu yaliyozunguka jiwe lile.

"Huyu," akasema bila kuinua uso, "hakuna mtu atakuja kuniambia si wangu."

Akaupangusa udongo mikononi, akaligusa jiwe.

"Mulembe, Papa," akamsalimu. "Ni mimi Nabututu."