Kibao cha Shimote

Mafundi wawili wa wilaya walichimbia kibao kando ya barabara mpya ya lami, mlangoni mwa kijiji cha Shimote, wakanywa chai kwa Sumie, mpika tofu, ile jibini ya soya, wakaenda zao. Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya mwezi wa tano. Vyura walikuwa wakilia katika mashamba ya mpunga.

Jina la kijiji, kama lilivyokuwa kibaoni, huandikwa kwa alama mbili za Kijapani: "chini" na "mkono". Wenyeji husoma Shimote, yaani upande wa chini wa mto. Lakini mtu wa mbali akiziona alama hizo hizo husoma heta, na heta ni mtu asiyeweza kazi, kila anachogusa kinamharibikia. Wa kwanza kupita alikuwa dereva wa lori la mbao. Alipunguza mwendo, akasoma kwa sauti, "Heta!", akacheka na kuendelea na safari yake.

Mchana huo maziwa ya soya ya Sumie yaligoma kuganda. Seremala alimaliza kabati ambalo mlango wake ulifungukia ndani. Paka wa hekaluni aliurukia ukuta, akaukosa. Hakuna aliyeshangaa. Neno limeandikwa, na limesomwa.

Kamite, kijiji cha upande wa juu, nao walipata kibao chao: "juu" na "mkono". Wageni wakakisoma jozu, yaani hodari, na tangu hapo watoto wa Kamite wakawa wanazaliwa wakijua kupiga mluzi. Lango la maji ya mashamba lilikuwa huko juu, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Mzee Kurahashi. Alifungulia Kamite kwanza. Kilichobaki, kama kilibaki, kiliteremka Shimote.

Tokuji, mumewe Sumie, alipanda kwenda kumwona.

"Mzee Kurahashi, miche yetu inakauka."

"Pole sana, Tokuji. Lakini nikiwapa maji watu wasiojua kulima, si ni kuyamwaga tu?" Akamsogezea kikombe cha chai. "Hayo si maneno yangu, ndugu yangu. Kasome kibao chenu."

Nyumbani, Tokuji alisimulia yote huku akimwaga supu magotini. Mama yake, Towa, binti wa mpigana mieleka, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Neno lile lina usomaji wa tatu," alisema. "Mmesahau nyote. Ulingoni halisomwi heta wala Shimote. Linasomwa shitate: mkono uliopita chini ya mkono wa mwenzako ukaushika mkanda wake."

"Mama, siku hizi hata mkanda wangu mwenyewe siwezi kuufunga."

"Atakufunga mkeo. Wewe kazi yako ni kushika."

Siku ya sikukuu ya hekalu, ambapo vijiji hivyo viwili hushindana mieleka, Sumie alimfunga mumewe mkanda. Mara ya kwanza alimfunga pamoja na nguzo ya nyumba. Akamfungua, akaanza upya.

Kamite walimtoa Yasuhiko, mkwe wa Kurahashi, mtu mwenye shingo nene kuliko paja la jirani. Tokuji alijikwaa kwenye kamba ya majani inayouzunguka ulingo, akaingia kwa magoti.

"Jamani, ameshashindwa na ulingo!" walipiga kelele Kamite. "Mpeni mtu sasa!"

Wakavaana. Yasuhiko alimsukuma mpaka ukingoni, na visigino vya Tokuji vikaanza kuchimba udongo. Hapo Towa akainuka, akaweka mikono kinywani.

"Shitate!"

Sumie akaitikia. Kisha seremala, kisha Shimote nzima, mpaka njiwa wakaruka kutoka paa la hekalu. Mkono wa kulia wa Tokuji, ambao asubuhi ile ulikuwa umeshindwa kushika bakuli la wali, ulipenya chini ya kwapa la Yasuhiko, ukaukamata mkanda, ukageuka. Yasuhiko akapaa kidogo, akatua nje ya kamba kama gunia.

Mtangazaji alikuwa mtu wa Kamite, lakini desturi inataka aina ya ushindi itajwe. Alipangusa jasho.

"Ameshinda Tokuji wa Shimote," alitangaza, "kwa shitate!"

Saa hiyo hiyo tofu iliganda ndani ya sinia, na mlango wa kabati ukafungukia nje. Tangu hapo kila apitaye barabarani husoma shitate, hata asiyewahi kuona mieleka maishani mwake. Na kila mtu wa Shimote anayepitisha mkono chini ya kitu, hukiinua. Wanawake wawili walimtoa ng'ombe matopeni wakiwa bado wanazungumza habari za harusi.

Tokuji alipanda tena Kamite. Kurahashi aliinama mpaka ufunguo ukagusa mkeka, akammiminia pombe ya mchele.

"Hongera! Mmetuweza, hilo sikatai."

"Na maji, Mzee?"

"Maji?" Kurahashi alionekana kusikitika kweli. "Watu wenye nguvu kama ninyi mnahitaji kusaidiwa nini tena?"

Vijana wa Shimote walitaka kwenda kuling'oa lango.

"Mtaling'oa, na kesho askari watakuja kuwang'oa ninyi," alisema Towa. "Mto wenyewe, kule bondeni, una ufunguo?"

Hauna. Basi walibeba mapipa ya kuogea, yale makubwa ya mbao ambayo mtu huketi ndani maji yakamfika mabegani, wakateremka mtoni. Waliyajaza, wakapitisha mikono chini yake, wakapanda mlima wakiimba. Kufikia jioni mashamba yote yalikuwa yakimeta, na miche ilikuwa imesimama.

Wanafanya hivyo mpaka leo. Lango bado hufunguliwa Kamite kwanza, na kiangazi kikiwa kikali halifunguliwi kabisa kwa Shimote. Kurahashi, ambaye hakukosa adabu hata siku moja, huteremka kusimama njiani wakipita.

"Poleni na kazi!"

"Tumekwisha poa, Mzee!" hujibu Sumie chini ya pipa lake, bila kusimama. "Sogea kidogo tu. Mama mkwe yuko nyuma yangu, na lake ni kubwa zaidi."