Buni Mbili za Tunda Moja

Bibi yangu Ng'washi aliamini kwamba kahawa hukausha maziwa ya mama na kumnyima mtoto usingizi tangu tumboni. Nani alimwambia? Hakuna. Bibi hakuhitaji kuambiwa.

Mwaka 1938 baba yangu, Malimi, alimwoa Justa, Mhaya wa Bukoba, akamleta nyumbani kwa bibi huko Mirongo, ng'ambo ya ziwa. Justa alikuwa akitafuna kahawa tangu utoto, ile ya Kihaya inayochemshwa na majani ya kunukia, kisha ikaanikwa na maganda yake. Alipopata mimba, bibi alichukua kifuko chake cha kahawa akakimwaga ziwani.

"Inakwendesha moyo mbio," alimwambia. "Mjukuu wangu hatalala."

Justa aliacha kutafuna. Lakini kichwa kilimuuma kutwa, chakula kikamshinda, akawa anakaa mlangoni akitazama upande wa bandari. Mwishowe alifunga mzigo wake. Meli ya Bukoba ilikuwa inaondoka kesho yake, na baba, mwanamume mzima, alijificha nyuma ya nyumba akilia.

Bibi alimwona. Alitoka bila kuaga, akarudi na kahawa aliyoinunua kwa wanawake wa Kihaya bandarini. Wanasema kuuliza si ujinga, ila bibi hakuwa mtu wa kuuliza. Aliibandika jikoni kama choroko, kwa chumvi na kitunguu, akampakulia mkwewe sahani.

"Kula, mwanangu. Ila kidogo tu. Bado namwogopea mtoto."

Justa aliitazama ile mboga. Akacheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka.

"Mayu, mama yangu, hii huja imeshapikwa! Ni ya kutafuna tu."

"Ningejuaje? Nifundishe basi. Usiondoke."

Justa alichagua tunda moja sahanini, akalipasua. Ndani mlikuwa na buni mbili zimelaliana. Moja akampa bibi.

"Kwetu, watu wakigawana hizi wamekuwa ndugu. Hawaachani tena."

Bibi alitafuna. Ilikuwa chungu, ina chumvi, inanuka kitunguu. Hakuitema. Jioni ile mzigo ulifunguliwa.

Nilizaliwa mzima, ila usingizi wangu ulikuwa wa kuku. Kila nilipolia, bibi alinipakata akimnung'unikia mama: "Nilisema mimi! Kahawa hiyo!" Na alisema hivyo buni ikiwa shavuni mwake, na ile pacha yake ikiwa shavuni mwa mama.