Ibara ya Kumi na Moja

Katiba ya nchi yetu nimeipiga chapa mara sita, kuanzia neno la kwanza hadi nafasi za saini, na anayetaka kujua nani alimwangusha mwanangu asiende mbali. Aje kwenye meza yangu, ya pili kutoka dirishani, ofisi ya makarani wa Bunge la Katiba.

Ibara ya uraia ilikuwa fupi: raia ni mtu aliyezaliwa na baba raia. Basi. Mama hakutajwa, kana kwamba watoto huokotwa sokoni. Binti yangu ana miaka kumi na tisa, mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Baba yake alizaliwa ng'ambo ya mto, enzi zile mto ni mto tu, watu wanavuka asubuhi kumsalimia shemeji na kurudi jioni. Sasa mto umekuwa mpaka, baba mwenyewe yuko kaburini, na chuo kimeshaandika barua: siku katiba itakapoanza kutumika, asiye raia atapoteza nafasi yake na arudi kwao. Kwao wapi? Kwao ni chumba kile pale, kinachopakana na jiko langu.

Na msidhani mambo hayo yangerekebishwa baadaye. Ibara ya mwisho niliipiga mimi pia: masuala ya uraia yasiguswe kwa miaka kumi, na yakija kuguswa yaungwe mkono na robo tatu ya wabunge, kisha wananchi wote wapige kura. Walijifungia mlango na ufunguo wakaumeza. Kwa hiyo ilikuwa kabla ya kura ya Jumatatu, au basi tena.

Mficha uchi hazai. Nilimfuata mbunge mmoja, mwanamke aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya msingi, ambaye wote tulimwita Mwalimu. Nilimkuta kwenye korido amesimama na kikombe cha chai, nikamweleza kila kitu bila aibu.

"Dada yangu, si wako peke yake," alisema. "Mtaani kwangu wapo kibao. Wewe niandikie hiyo karatasi, sahihi niachie mimi."

Marekebisho yalikuwa na utaratibu wake. Karatasi moja: namba ya ibara, mahali pa kuongeza, maneno ya kuongeza, na chini sahihi ishirini za wabunge. Ifike mapokezi kabla ya saa sita mchana siku ya kura, na ikishagongwa muhuri haiguswi tena. Alhamisi nikaipiga: Ibara ya kumi na mbili, baada ya neno "baba" yaongezwe maneno "au mama". Mwalimu akaikunja, akaitia mkobani, akaenda kuwawinda wenzake. Kufikia Jumapili alikuwa na sahihi ishirini na mbili, na mimi nilikula nikashiba kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Ijumaa kamati iliifuta ibara ya nne, ile ya makao makuu, kwa sababu wakubwa walishindwa kukubaliana ni mji upi. Ibara zote zilizofuata zikashuka ngazi moja. Na nani aliipiga chapa rasimu mpya Jumamosi kutwa? Mimi. Kumi na mbili niliifanya kumi na moja kwa vidole hivi hivi, nikasoma "baba raia", moyo ukaniuma, nikageuza ukurasa. Karatasi iliyokuwa mkobani mwa Mwalimu haikunijia akilini hata chembe. Mganga hajigangi, tunasema. Niliziweka sawa namba zote za taifa zima, nikaiacha ile moja ya mwanangu.

Jumatatu saa nne Mwalimu aliifikisha karatasi. Karani wa mapokezi akahesabu sahihi, akagonga muhuri. Kazi yake haikuwa kusoma namba za ibara.

Alasiri nilikaa benchi la makarani, nyuma ya Spika. Alipofikia karatasi yetu alirekebisha miwani.

"Ibara ya kumi na mbili," akasoma. "Baada ya neno 'baba' yaongezwe maneno 'au mama'." Akafunua rasimu. "Waheshimiwa, ibara ya kumi na mbili ni ya bendera. Rangi tatu nimeziona. Baba sijamwona."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mmoja alipiga meza hadi glasi yake ya maji ikapinduka. Nilijua papo hapo ni nini nimefanya.

Mwalimu alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa Spika, namba zilibadilishwa! Kila mtu humu anajua nazungumzia uraia. Naomba nisahihishe tarakimu moja tu."

"Saa sita imepita, mheshimiwa."

"Tarakimu moja! Hawa ni watoto wa watu!"

"Kanuni mlizipitisha wenyewe. Hoja imeanguka. Tafadhali keti."

Alikaa. Mikono ikanyooshwa, ibara ya kumi na moja ikapita kama ilivyokuwa. Nilitaka nisimame nipige yowe kwamba kosa ni langu, waniadhibu mimi, lakini makarani hawasemi ukumbini, na mimi mwoga sikusema. Saa kumi katiba nzima ilipitishwa kwa theluthi mbili na ziada. Watu walikumbatiana, wengine wakitokwa machozi ya furaha. Nililia nao, na hakuna aliyeniuliza ninalilia nini.

Nakala safi ilitakiwa iwe tayari kwa saini kesho yake, nikaanza saa ile ile. Nilipofika ibara ya kumi na moja, vidole viliandika "baba au mama raia". Siwezi kusema nilipanga, wala siwezi kusema sikupanga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Desturi yetu, mpiga chapa husoma ukurasa wake kwa sauti huku Karani Mkuu akifuata kwa kidole kwenye kumbukumbu za kura. Mzee huyo tulimwita Nukta, kwa kuwa hata nukta haimpiti. Nikasoma "baba raia", nikaruka maneno mawili, nikaendelea mbio.

Kidole chake kilisimama. "Hapo umekimbia. Hebu nipe huo ukurasa."

Aliutazama muda mrefu. "Mama," alisema, naye hakuwahi kuniita hivyo, "leo ukipenyeza lako jema, kesho mwenzako atapenyeza lake baya. Na mashine ni hii hii."

"Mzee, wewe una mabinti."

"Ninao watatu."

"Wako ndani ya ibara wote."

Aliukunja ukurasa akautia mfukoni mwa koti, na kwa askari hakuupeleka. Namshukuru, na namchukia mpaka leo. "Piga mwingine," alisema. Akavuta kiti akakaa pembeni yangu, nikapiga.

Siku ya pili yake, baada ya saini, kila mfanyakazi alipewa nakala moja. Niliiweka mezani mbele ya binti yangu, nikamwambia yote: namba, mkoba, kicheko. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Aliisoma ibara ya kumi na moja, akageuza kurasa hadi ya mwisho, akaisoma nayo taratibu.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Hamsini na sita."

"Miaka kumi. Sitini na sita." Aliifunga katiba, akanisukumia. "Basi usife, mama. Humu nyumbani mwenye kura ni wewe peke yako."